Dada Anadai Itongo: Ushauri kwa Anayeandika Tasnifu ya Usawa Gitega au Muyinga

Barua zinazonijia zinafanana kama mapacha. "Mwalimu, mada yangu ni haki za binadamu na usawa Burundi. Nianzie wapi?" Anayeuliza ni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho au wa uzamili. Wengi wako Gitega na Muyinga, wachache wako Dar es Salaam na Nairobi na wanataka kuja kufanyia utafiti kwetu. Kumjibu kila mmoja peke yake kumenishinda, kwa hiyo leo nawajibu nyote kwa pamoja.

Kwanza, hiyo uliyoiandika si mada, ni maktaba nzima. Pili, sitawaeleza haki za binadamu ni nini, hilo mmeshafundishwa darasani. Nitashika mfano mmoja tu, urithi wa ardhi kwa mtoto wa kike, kwa sababu ndio unaowaangusha wengi. Mtu anashuka basi akitafuta sheria ya kunukuu, haioni, anarudi mjini na kujaza kurasa themanini za nadharia.

"Sheria ya urithi haipo. Sasa nitaandika nini?"

Ni kweli haipo. Burundi ina Kanuni ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993, lakini kanuni hiyo haikugusa mgawanyo wa mirathi. Kanuni ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 nayo haikulimaliza swali. Mswada wa mirathi umelala kabatini tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa hiyo mahakamani inatumika mila. Kwa mila, itongo, yaani shamba la ukoo, linakwenda kwa watoto wa kiume. Binti hupewa igiseke, kipande cha kulima na kula mazao yake, ila si mali yake ya kuuza wala ya kuwaachia wanawe.

Upande wa pili iko Katiba ya 2018. Ibara ya 22 inakataza ubaguzi, na jinsia imo kwenye orodha. Ibara ya 19 inaifanya mikataba mikuu ya haki za binadamu kuwa sehemu ya Katiba yenyewe, ukiwemo ule wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ambao Burundi iliuridhia mwaka 1992. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo imeitaka serikali itunge sheria ya mirathi zaidi ya mara moja, mwaka 2008 na tena 2016.

Umeliona pengo? Mila iko huku, Katiba iko kule, na katikati ameketi hakimu wa komini ambaye Jumatatu asubuhi lazima aamue shamba ni la nani. Sheria unayoitafuta imo ndani ya hukumu zake. Nenda ukaisome huko.

Lipunguze swali mpaka liingie mfukoni

Kipimo changu ni hiki: ukimweleza swali lako mama anayeuza ndizi sokoni na asilielewe kwa sentensi moja, bado halijaiva. Tazameni mifano hii:

- "Usawa wa kijinsia nchini Burundi." Hilo ni jina la mkutano wa hotelini. Liache.
- "Mtazamo wa jamii kuhusu urithi wa wanawake." Utarudi na maoni ya watu, na tasnifu ya sheria hailishwi maoni matupu.
- "Mabinti walioshtaki kaka zao katika tribinali moja ya Gitega kati ya 2015 na 2020: hakimu alitaja nini, mila au Katiba?" Hapo sasa tunaweza kukaa tukazungumza.

Swali la tatu lina mahali, lina miaka, na lina kitu cha kuhesabu. Lina pia uwezekano wa kukushinda, na hiyo ni dalili njema. Huenda ukagundua kwamba hakuna hakimu aliyeitaja Katiba hata mara moja. Hayo nayo ni matokeo. Mwanafunzi mmoja alitaka kubadilisha mada kwa sababu majalada yake "hayakuonyesha kitu". Yalionyesha kila kitu: hukumu kadhaa zilizoandikwa kana kwamba Katiba haijawahi kutungwa.

Kama urithi haukuvutii, kuna maswali jirani yenye ukubwa huohuo. Kanuni ya 1993 inaweka umri wa kuoa kuwa miaka 21 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke, na inamtaja mume kuwa mkuu wa familia. Sheria ya uraia ya tarehe 18 Julai 2000 haimpi mama Mrundi uwezo sawa na wa baba wa kumrithisha mtoto uraia. Hilo la mwisho lina uzito Muyinga, ambako Kobero ni mpakani na ndoa za Warundi na Watanzania si habari ya gazeti.

Soma haya kabla ya kukata tiketi

Usiende kumuuliza karani wa mahakama jambo ambalo ungelisoma nyumbani. Pitia gazeti rasmi la serikali, *Bulletin Officiel du Burundi*, pamoja na mkusanyo wa sheria *Codes et Lois du Burundi*. Chuo Kikuu cha Antwerp kimekusanya nyaraka nyingi za sheria za Burundi na kuziweka kwenye intaneti. Kisha soma kazi ya Dominik Kohlhagen, *Le tribunal face au terrain*, iliyotolewa mwaka 2009 na shirika la RCN Justice & Démocratie, kuhusu ugumu wa kutekeleza hukumu. Nitairudia baadaye.

Makosa ninayoyakuta kila mwaka katika sura ya kwanza ni haya:

- Kunukuu Katiba ya 2005 kana kwamba bado ndiyo inayotumika. Inayotumika ni ya Juni 2018. Kama hukumu ni ya 2012, hakimu alikuwa na ya 2005 mkononi. Sema hivyo waziwazi.
- Kuandika "Sheria Na. 1/13" bila tarehe. Kanuni ya Ardhi ya 2011 ni Na. 1/13. Sheria ya kuzuia ukatili wa kijinsia ya tarehe 22 Septemba 2016 nayo ni Na. 1/13. Bila tarehe, msomaji hajui uko shambani au uko kwenye ukatili.
- Kudai kwamba Burundi inafungwa na Itifaki ya Maputo. Iliitia saini mwaka 2003, na kutia saini si kuridhia. Fungua jedwali la Umoja wa Afrika siku ileile unayoandika.
- Kuiga tanbihi za tasnifu ya mwenzio. Kosa la mmoja nimeliona likirithiwa na watano, tena bila mgogoro wowote wa mirathi.

Ruhusa: ngazi haichupwi

Hapa ndipo wenye haraka wanapojikwaa. Utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Barua ya chuo yenye muhuri, inayotaja mada, mahali na miezi. Iwe kwa Kifaransa, na ibebe tafsiri ya Kirundi.
2. Kama utahoji watu, uliza mapema kuhusu idhini ya kamati ya taifa ya maadili. Kama utagawa madodoso kwa wingi, uliza kuhusu viza ya takwimu. Msimamizi akikwambia "hiyo ni ya madaktari tu", mwombe aandike hivyo na aweke saini.
3. Rais wa tribinali ndiye anayefungua mlango wa majalada. Karani anayekupenda hawezi kukupa ruhusa, na ukimtumia kwa mlango wa nyuma utamponza.
4. Msimamizi wa komini, kisha chifu wa kilima. Usifike kilimani kabla ya barua yako.

Jambo jipya linalowachanganya wengi: mikoa imebadilika. Sheria ya mwaka 2023 iliipunguza kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Muyinga si mkoa tena. Pamoja na Cankuzo na Ruyigi za zamani imeingia Buhumuza. Gitega imebaki na jina lake lakini imepanuka. Kwa hiyo barua yako itaandikwa kwa jina jipya, na majalada utakayoyasoma yana jina la zamani. Weka jedwali dogo mwanzoni mwa tasnifu: kilima, komini ya zamani, komini ya sasa. Atakayekuja baada yako atakushukuru.

Ndani ya chumba cha majalada

Huku ndiko kazi iliko, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo.

Jifunze herufi kwanza. RC ni rejista ya madai, RCA ni rufaa ya madai, na RCC ni kesi iliyofika Mahakama ya Juu. Ukiona RC ya tribinali ya komini, ile ambayo Kirundi huiita sentare y'intango, andika namba yake na mwaka, halafu uifuate juu. Mwanafunzi anayeishia kwenye hukumu ya kwanza anaweza kushangilia ushindi wa binti ambaye mwaka uliofuata alishindwa kwenye rufaa.

Pili, usitafute neno "urithi" kwenye rejista. Mara nyingi halipo. Kesi ya dada na kaka huandikwa kama mgogoro wa mpaka, kugawana shamba, kuondoa mtu shambani, au kuuza bila idhini. Dalili ni majina: wadaiwa na wadai wana baba mmoja. Soma jalada zima, siyo ukurasa wa mwisho tu. Pia angalia rejista mbili, ya komini na ya tribinali kuu ya mkoa, maana kesi za familia moja zinaweza kutawanyika.

Kwa kila jalada jaza karatasi moja yenye mambo haya:

- Namba ya kesi, tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya hukumu.
- Mdai ni binti asiyeolewa, aliyeolewa, aliyeachika au mjane? Usiwachanganye. Mila yenyewe haiwatazami kwa jicho moja.
- Anaomba nini: sehemu ya itongo, kuendelea kulima igiseke, au fedha ya shamba lililouzwa?
- Nani alitoa ushahidi: bashingantahe (wazee wapatanishi), majirani, chifu wa kilima?
- Hakimu alitaja nini: mila, Katiba, mkataba, au "busara" tu?
- Alipewa kiasi gani? "Ameshinda" ni neno la uongo kama kaka kapewa hekta na dada kapewa mistari ya maharage.
- Je, hukumu ilitekelezwa?

Swali la mwisho ndilo linaloachwa na wengi, na ndipo kitabu cha Kohlhagen kinapokufaa. Hukumu ni karatasi. Ili iwe shamba, mahakimu lazima wafike kilimani, wapime, wapande miti ya mpaka, na majirani wakubali kushuhudia. Usafiri unakosekana, mvua inanyesha, kaka anang'oa miti usiku. Ukiandika kwamba mahakama za Gitega zinalinda haki ya mwanamke kwa sababu umesoma hukumu kumi nzuri, bila kutafuta kama hata moja ilifika shambani, umeandika hadithi.

Lugha nayo ina mitego yake. Hukumu za komini huandikwa kwa Kirundi. Ukitafsiri igiseke kuwa "zawadi" umeshamnyang'anya binti hoja yake. Ukitafsiri kuwa "haki ya matumizi" umeshamwekea mipaka ambayo huenda hakimu hakuiweka. Acha neno la Kirundi lilivyo, lieleze mara moja, kisha endelea nalo.

Na majina? Hukumu hutolewa hadharani, lakini kilima ni kidogo. Usimtaje mtu. Tumia namba yako mwenyewe, na ufunguo wa namba hizo uweke kwenye daftari jingine lisilosafiri nawe. Badilisha hata jina la kilima kama kesi inatambulika kwa urahisi. Ukiandika "mjane wa mwalimu mkuu wa zamani, mwenye kesi na shemeji zake watatu", umeshamtaja.

Kilimani

Majalada yatakupa alichosema hakimu. Hayatakuambia kwa nini mabinti wengi hawakufika kwake kabisa. Kwa hilo lazima upande kilima.

Anza kwa wazee. Bashingantahe wamekuwa wakipatanisha tangu enzi za wafalme, na tangu sheria ya tarehe 23 Januari 2021 kuna pia baraza la wazee wa kilima lililorudishwa kisheria. Si kitu kimoja. Uliza kila mara, "Mliketi kama nani?", kwa sababu mtu mmoja anaweza kuvaa kofia zote mbili.

Makosa ya kilimani:

- Kumhoji dada mbele ya kaka yake. Atakwambia anaridhika, na utaandika kwamba wanawake wameikubali mila. Mhoji njiani kwenda shambani, kisimani au kwenye chama cha akiba, tena mpelekee mwanamke mwenzake.
- Kununua majibu kwa urwarwa. Kumnywesha mzee pombe ya ndizi baada ya mazungumzo ni adabu. Kumnywesha kabla, ukitegemea akumbuke unachotaka, ni kununua shahidi.
- Kuuliza kabila. Katiba yetu inagawa viti kwa makabila: asilimia 60 na 40 bungeni, na Batwa viti vitatu. Mtu wa nje akisoma hayo hudhani swali hilo ni la kawaida. Mlangoni kwa mtu si la kawaida hata kidogo. Kama mada yako haina haja nalo, usiliulize. Kama ni ya Batwa na ardhi, msimamizi na kamati ya maadili wakubaliane kwanza jinsi ya kuuliza.
- Kurekodi kwa siri. Sina la kuongeza hapo.
- Kuahidi msaada. Utaulizwa, "Utanisaidia kupata shamba langu?" Jibu kweli: hapana, mimi ni mwanafunzi. Kisha mwelekeze kwa wanaotoa msaada wa kisheria karibu naye, au ofisi ya Tume ya Taifa Huru ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 5 Januari 2011. Kuwa na namba zao kabla hujapanda.

Angalia pia kalenda ya shamba. Septemba na Oktoba watu wanapanda, na wakati wa kuvuna kahawa hakuna mwenye saa nzima ya kukupa. Ukifika majira hayo, shika jembe kidogo. Mazungumzo ya kwenye tuta mara nyingi yanashinda ya kwenye kiti.

Muyinga haifanani na Gitega

Wengi hulinganisha miji hii kwa sababu tu basi linafika kote. Tafuta sababu ya kweli. Moja ipo: Muyinga mjini kuna Waislamu wengi, Kiswahili kinazungumzwa, na kuna hata mtaa unaoitwa Swahili. Kwa fiqhi, binti ana fungu lake, nusu ya la kaka yake. Ni pungufu ya usawa wa Katiba, lakini ni zaidi ya mila ya kilima, inayompa igiseke tu. Burundi haina mahakama za kadhi kama Kenya na Zanzibar. Je, familia ya Kiislamu ikigombana na kufika kwenye tribinali ya serikali, hakimu anauliza msikitini au anauliza kilimani? Swali hilo peke yake linatosha tasnifu, na sijui kwa nini vijana wa Muyinga wanaliruka kwenda kuandika juu ya mahakama ya Strasbourg.

Tahadhari: usidhani kila mwenye kanzu anagawa kwa fiqhi. Wapo wanaoswali safu ya mbele na kugawa itongo kwa wana wa kiume pekee.

Hoja za jirani, kwa kiasi

Huhitaji kuruka mpaka Ulaya. Ng'ambo ya mpaka wa Muyinga, upande wa Kagera, kuna kesi kila mwanafunzi wa eneo hili anapaswa kuijua: Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Holaria, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje. Mwanaume wa ukoo akashtaki kwamba mila hairuhusu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliitazama mila hiyo kwa miwani ya haki zilizomo kwenye Katiba ya Tanzania na kuamua kwamba mwanamke ana uwezo sawa wa kuuza. Rwanda ilichagua njia ya bunge, ikatunga sheria ya mirathi mwaka 1999.

Tumia mifano hiyo kuonyesha njia mbili, ya hakimu na ya bunge. Usiitumie kumpiga hakimu wa Gitega. Hukumu ya Mwanza haimfungi, na Katiba zenyewe hazifanani.

"Lakini mwalimu..."

*"Majalada thelathini si machache?"* Thelathini yaliyosomwa yote yanashinda mia tatu yaliyohesabiwa vichwa. Usiseme tu "Burundi". Sema "katika tribinali hii, miaka hii".

*"Ardhi imekwisha. Ukimpa na binti, itongo litakuwa kama leso."* Utaisikia hoja hii kila siku, hata kwa mahakimu. Usiikejeli, kwa sababu mashamba yetu ni madogo kweli. Iandike kikamilifu, halafu uulize jambo moja: mbona ukubwa wa shamba huhesabiwa binti anapodai, na hauhesabiwi wana sita wa kiume wanapogawana?

*"Nikinyimwa majalada?"* Omba jibu la maandishi. Likija, liweke kwenye sura ya mbinu. Lisipokuja, andika tarehe ulizofika. Kisha tumia hukumu zilizochapishwa na mahojiano ya mawakili, na upunguze madai yako yalingane na ulichokipata.

*"Nikimaliza?"* Chapa nakala tatu za ziada. Moja kwa rais wa tribinali, moja kwa maktaba ya chuo, na moja fupi, kurasa nne kwa Kirundi, kwa wazee wa kilima. Ya wazee ipeleke mwenyewe, tena siku ya soko, wakati wanawake nao wapo.